Yeot ya Kumziba Mdomo Mama Mkwe

Yeot haivutwi na mtu mmoja. Mchele unaweza kuuloweka peke yako, ukaupika kwa mvuke peke yako, ukauchanganya na kimea cha shayiri, ukaukamua kwenye kitambaa, halafu ukashinda kutwa jikoni ukikoroga mpaka yale maji matamu yakawa rojo zito la rangi ya kahawia. Lakini ukishafika hapo, lazima muwe wawili. Mnakaa uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusana, mmoja anavuta huku na mwingine anavuta kule, mnakunja, mnavuta tena, mpaka peremende ile ya kahawia igeuke nyeupe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo kijijini hata mtoto mdogo alijua kwamba kulivuta donge la yeot ni kazi ya watu wawili.

Pillye alilijua hilo kwa majira thelathini na manne ya baridi, na ndiyo maana Alhamisi ile aliamka na hasira. Mtu aliyezoea kuvuta naye alikuwa Geumdan, dada wa mumewe, mjane aliyekaa nyumba ya pili, ukuta tu katikati. Na yeye na Geumdan hawakuwa wakisemeshana. Miezi miwili sasa, tangu siku ya kutia kabichi chumvi na pilipili, kila mmoja anapita na njia yake, na wakikutana kisimani pa zamani kila mmoja anaangalia milima.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Yeot ya kijiji chao inasifiwa kwa jambo moja: hainati kwenye meno. Ikishakuwa nyeupe, hupelekwa karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo, ikavutwa juu ya mvuke wa vitambaa vilivyolowa huku baridi ya nje ikiingia, na hewa ikajipenyeza ndani. Ukivunja kipande ukakuta matundu mengi, hiyo ndiyo yeot. Inavunjika mdomoni kama barafu nyembamba. Sasa, kwa Wakorea wote, mtu anayekwenda kufanya mtihani hupewa yeot, ili jambo limnate asiteleze. Hyeran, binti wa pekee wa Pillye, alifanya mtihani wa kuingia kazi ya serikali mara tatu, na mara zote tatu mama yake alimpelekea yeot aliyoivuta kwa mikono yake. Mara zote tatu alianguka.

Siku ya kabichi, wanawake kumi na wawili wamezunguka beseni, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, mmoja akauliza habari za mtihani. Kabla Pillye hajafungua kinywa, Geumdan akadakia, "Ataushika vipi? Yeot ya mama yake hata kwenye jino haishiki, itashika kazi ya serikali?" Wanawake wakacheka mpaka wengine wakajipaka pilipili machoni. Pillye akavua glavu zake, akaziweka ukingoni mwa beseni, akarudi nyumbani. Tangu hapo, kimya.

Ulimi hauna mfupa, watu husema, na wa Geumdan ulikuwa hauna hata ngozi. Lakini tuyaache hayo, maana mambo yalikuwa yamesonga mbele. Hyeran alikuwa ameolewa. Arusi ilifanyika mjini, maharusi wakaenda kisiwani wakapumzika, na kama desturi ilivyo wakaanza kurudi kwa wazazi wa mke. Bwana arusi aliitwa kazini kwa siku mbili, akamwacha mkewe hapo, na Jumamosi asubuhi angekuja na gari kumchukua waende Jeonju kwa wazazi wake. Siku hiyo bibi arusi haingii mikono mitupu. Huingia na masanduku ya vyakula kutoka kwa mama yake.

Pillye alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Mbavu za ng'ombe, samaki mzima, keki za mchele za rangi tatu, maandazi madogo ya asali yaliyokatwa kama maua, matunda makavu yaliyojazwa njugu. Kilichobaki kilikuwa yeot, na yeot ndiyo iliyokuwa na kazi. Huwekwa sandukuni ili mama mkwe na mawifi waitafune, meno yagandane, wakose nafasi ya kumsema bibi arusi. Watu wakilieleza hilo hucheka, lakini hajapata kuonekana mama aliyeacha kuiweka.

Na mama mkwe huyu alihitaji kuzibwa. Siku familia mbili zilipokutana kwa chakula, yule mama, aliyekuwa na duka la nguo za kitamaduni na shingo ndefu ya kuangalia watu kutoka juu, alimgeukia Hyeran akasema, "Mtihani umekushinda mara tatu. Basi tuone kama na supu itakushinda." Hyeran akainamia bakuli lake. Pillye akatabasamu, kwa sababu mama wa msichana akikaa mezani na wakwe ana kazi hiyo moja tu. Tabasamu lile lilikuwa bado linamuuma taya.

Kwa hiyo safari hii aliamua jambo ambalo hakumwambia mtu. Angetengeneza yeot ya kunata. Hakuna dirisha, hakuna hewa, hakuna matundu. Nzito, ngumu, ya kuganda kwenye meno kama gundi ya fundi. Yule mama aishike mdomoni mpaka majira ya kuchipua.

Saa nane mchana rojo lilikuwa tayari. Akalimwaga kwenye sinia, akaligawa madonge manne, akayafunika blanketi juu ya sakafu inayopashwa moto kutoka chini yasigande, akamwita binti yake.

"Mama, inachoma!" Hyeran akaruka.

"Itapoa ukinyamaza. Vuta."

"Navuta!"

"Huko si kuvuta, huko ni kuipa mkono wa heri."

Hyeran alikuwa bado na kucha za arusi, zilizobandikwa vijiwe vinavyometameta. Baada ya kukunja mara sita alitoa mkono, akautazama, akasema polepole, "Mama, kimoja hakipo."

Wakakitafuta kijiwe katika lile donge zima, wakalipasua, hawakukiona. Pillye akalitupa donge pembeni. Hakuweza kumpelekea mama yule yeot yenye kijiwe cha kucha ndani, hata kama alistahili.

Akamwita mumewe. Mansok alikuwa mtu mwema, mkulima wa stroberi kwenye nyumba za plastiki, na maishani mwake hakuwahi kuvuta yeot, kwa kuwa wanaume wa kijiji hicho huwasha moto, hubeba magunia, kisha hukaa wakingoja kuonja. Akaketi mbele ya mkewe, akashika, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Unavuta ng'ombe shimoni?" Pillye akamuuliza.

"Si umesema nivute?"

"Nirudishie. Ukivuta unarudisha. Unavuta, unarudisha, unakunja. Hujaona miaka yote hii?"

"Nilikuwa naangalia moto," Mansok akasema.

Walijitahidi. Ila kuvuta yeot kuna mwendo wake, na mwendo huo huwezi kuueleza kwa maneno. Mansok akichelewa, Pillye anawahi, donge linapoa upande mmoja na kurefuka upande mwingine. Mwishowe likakauka mikononi mwao, likapasuka katikati, vipande viwili vya kahawia chafu. Mansok akaangalia malengelenge kwenye viganja vyake.

"Mama Hyeran," akaanza kwa upole, "mjini si wanauza..."

"Nikanunue yeot? Mimi?"

"Basi nimwite dada."

"Mwite uone nitakavyokufanya."

Hakumwita, wala haikuhitajika. Yeot inayovutwa vizuri ina sauti yake: kimya, kisha pa, kimya, kisha pa, donge linapojipiga likikunjwa. Upande wa pili wa ukuta Geumdan alikuwa amekaa akimenya vitunguu saumu, na kwa muda mrefu alikuwa akisikia pa mahali pa kimya, na kimya mahali pa pa. Alivumilia donge la kwanza. Alivumilia la pili. Waliposhika la tatu na sauti ikaanza tena kuchechemea, akaweka kisu chini.

Aliingia bila kukohoa mlangoni wala kusalimu. Akavua viatu, akanawa mikono kwenye beseni la pale pembeni, akaifuta, akaipaka unga kidogo. Halafu akamwambia kaka yake, "Toka."

Mansok alitoka na furaha ambayo hakujisumbua kuificha.

Geumdan akaketi alipokuwa ameketi Mansok, akapokea ncha ya donge, akavuta. Pillye akavuta. Wakakunja. Pillye aliapa moyoni kwamba hatamwangalia usoni, lakini ukivuta yeot hakuna pengine pa kuangalia, kwa hiyo akaiangalia mikono. Mikono ya wifi yake ilikuwa imevimba kwenye viungo kuliko mwaka jana, kidole gumba cha kulia kimeanza kupinda. Ilifika pale ilipotakiwa kufika, kila mara, bila kungoja na bila kuwahi. Wenyewe walikuwa wamenuniana, mikono haikununa.

Donge likaanza kuwa la rangi ya majani makavu, kisha la maziwa. Ilipokaribia kuwa nyeupe kabisa, Geumdan akainua kidevu kuelekea dirishani.

"Tuipeleke kwenye mvuke?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao baada ya miezi miwili.

"Hapana," Pillye akasema.

"Hapana vipi?"

"Nataka ya kunata."

Geumdan akasimamisha mikono.

"Vuta, itaganda," Pillye akamwambia, na Geumdan akavuta.

"Nyumba hii imeanza lini kutengeneza yeot ya kunata?"

"Tangu siku ya kabichi."

Wakavuta mara tatu, mara nne.

"Yale niliyasema kwa kuchekesha," Geumdan akasema.

"Najua. Walicheka."

"Sasa mtu akitania..."

"Hyeran alikuwa mlangoni. Alikuja na sinia la nyama ya kuchemsha, akukatie kipande cha mafuta maana wewe hupenda cha mafuta. Alisikia yote. Usiku ule hakula, alisema ameshiba."

Geumdan hakujua. Uso wake uliteremka wote kwa mara moja, na Pillye, aliyekuwa amelingojea jambo hilo miezi miwili, hakuona utamu alioutarajia. Kutoka jikoni walisikia Hyeran akiosha sufuria.

"Alisikia," Geumdan akarudia kwa sauti ya chini.

"Na yule mama wa Jeonju naye amemwambia neno lile lile. Mtihani, mtihani. Mtoto anakwenda kukaa mezani na watu hao kesho kutwa, na mimi sitakuwapo. Kwa hiyo nataka inayonata. Kunja vizuri upande wako."

Geumdan akakunja. Kisha akauliza, "Wewe ulipoolewa hapa, mama yako alileta yeot ya namna gani?"

"Ya kwetu. Nyeusi, ya kunata."

"Niliila mimi. Mama hakuwa na meno. Niliitafuna siku tatu, sikuweza hata kupiga miayo. Siku ya nne nikasema nini?"

Pillye hakuhitaji kukumbuka, maana hakuwahi kusahau. "Ulisema wali wangu una mawe. Mbele ya wakwe wote, mbele ya wajomba waliotoka mbali."

"Ulikuwa na mawe?"

"Mama mkwe alitema jiwe. Nililiona kwenye kijiko."

"Ulikuwa na jiwe moja," Geumdan akasema. "Nililiokota mimi uani, nikalitia kwenye bakuli la mama."

Yeot ilirefuka katikati yao ikakaribia kukatika. Pillye aliivuta akaikunja, kwa kuwa mikono ilijua kazi hata kama kichwa kilikuwa kimesimama. Miaka thelathini na minne alikuwa akichagua mchele mara mbili kabla ya kuuosha. Akishamaliza huuinua tena kwenye mwanga, konzi kwa konzi, siku za sikukuu na siku za kawaida, siku alizokuwa na homa, siku moja kabla ya kumzaa Hyeran. Wageni wakila kwake alikuwa hali kwanza, anasikiliza meno yao.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mama alikusifu asubuhi ile. Alisema wali wako umechambuka. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu mjane, nina miaka thelathini na miwili, nampikia kila siku, na hakuwahi kusema umechambuka wala umeungua. Wivu tu. Sina sababu nyingine ya kukupa."

"Mchawi wewe," Pillye akasema. Hakuwahi kumtukana wifi yake, aliyemzidi umri, hata mara moja. "Mchawi mkubwa wewe, Geumdan."

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na minne!"

"Ndiyo. Nimekosa, wifi. Nilitaka kusema kila mwaka, na kila mwaka ukawa mrefu zaidi."

Machozi yakamtoka Pillye, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi, hakuweza kuyafuta. Alilia kwa hasira kwanza, halafu kwa kitu kingine, kitu kilichokuwa chepesi zaidi na ambacho hakukitegemea. Kumbe wali ule haukuwa na kosa.

"Lia," Geumdan akasema, naye macho yamemjaa, "lakini geuza uso. Ukiidondoshea itaingia chumvi."

Pillye akacheka bila kutaka, kamasi zikamtoka, wakacheka wote wawili, na donge likaendelea kwenda na kurudi.

"Sasa nisikilize," Geumdan akasema. "Yeot haizibi mdomo. Mimi shahidi, niliyeila. Mdomo huzibwa na mdomo. Wewe huna."

"Sina."

"Mimi ninao, Mungu alinipa hata wa akiba. Zamani bibi arusi alisindikizwa na mtu mzima wa kwao. Jumamosi nitapanda gari hilo niende naye. Nitakula chakula kimoja mezani, nitarudi na basi la jioni."

"Watashangaa."

"Washangae. Na hii tuipeleke dirishani. Siwezi kufika Jeonju na yeot isiyo na tundu, watu waniulize kijiji gani hicho."

Wakajisogeza dirishani, wakavuta juu ya mvuke huku baridi ikiwapiga migongoni, na lile donge jeupe likaanza kumeta kama hariri. Wakamaliza na la nne. Wakazikata ziwe fimbo ndogo, na walipozitoa nje zikakauka, Geumdan akavunja moja, akaitazama kwa jicho moja, akaridhika na matundu. Kipande cha kwanza akakipeleka jikoni mwenyewe.

"Yale ya siku ya kabichi," akamwambia Hyeran, "shangazi yako alikuwa mpumbavu."

"Nilishasahau, shangazi."

"Muongo. Kula."

Jumamosi asubuhi Geumdan alikaa kiti cha mbele, amevaa nguo yake ya kijani ya sikukuu, sanduku la yeot mapajani. Bwana arusi aliendesha kwa adabu ya mtu ambaye hajui ameletewa nini. Pillye akainama kwenye dirisha la gari.

"Usianze wewe."

"Sianzi. Mimi namalizia tu."

Kutwa nzima Pillye alizunguka nyumbani bila kufanya lolote la maana. Alifagia mahali palipofagiwa. Mansok alimwuliza mara mbili chakula kiko wapi na mara zote mbili akajibiwa kitu kingine. Saa kumi simu ikalia. Ilikuwa Hyeran, akinong'ona, amejifungia chooni kwa wakwe zake.

"Mama, alianza. Tulipokaa tu mezani. Akasema, basi huyu ndiye bibi arusi wa mitihani mitatu."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi akaweka vijiti chini taratibu, wala hakupandisha sauti. Akasema, 'Mkwe, mimi ndiye wifi mbaya wa ukoo wetu. Nimemtesa mama wa mtoto huyu miaka thelathini na minne kwa ulimi wangu, na nilikuwa hodari kuliko wewe. Leo nimekuja kukwambia kwamba hakuna nilichopata. Nina aibu hata ya kumwangalia. Wewe bado hujaanza, una bahati.'"

Pillye alikaa kwenye ukingo wa baraza. "Halafu?"

"Baba mkwe akawa anaangalia samaki. Halafu mama mkwe akachukua kipande cha yeot, akakitafuna."

"Kikamnata?"

"Hakikunata, mama. Lakini hakusema kitu. Alipomaliza akanisogezea mbavu, akasema nile, nimekonda. Shangazi ameshapanda basi."

Pillye akamwambia awasalimu wote, akakata simu. Nje kulikuwa kumeanza kudondoka theluji, na basi la Jeonju hufika kijijini saa moja kasorobo. Akachukua kuni mkono mmoja na kibiriti mkono wa pili, akapita upande wa pili wa ukuta, akaingia jikoni kwa wifi yake, akawasha moto chini ya sakafu ili akirudi akute chumba kina joto.